Kona Yenye Mwenyewe

Watu walisema kona ile ina mwenyewe. Walikuwa wakisema hivyo tangu kabla lori la maji halijalala pale ubavu, na baada ya lori kulala waliendelea kusema, ila kwa sauti ya chini, maana safari hii aliyekufa alikuwa mtu wao. Alikuwa dereva mchangamfu ambaye mji mzima ulimwita Pia, kama ile pia ya watoto inayozunguka, kwa sababu hakujua kutulia. Ukimsalimia akiwa mlangoni, mpaka mmalize kuulizana habari za nyumbani yuko dirishani.

Pia aliacha mjane, binti mmoja na dada. Huyo dada alikuwa mwalimu wa fizikia, na hata nyumbani walimwita Mwalimu, jina lake likabaki la kwenye kitambulisho tu.

Mwalimu hakuamini habari za mwenyewe wa kona. Lakini kutoamini ni jambo moja na kupata usingizi ni jambo jingine. Kuna sauti ilimfuata: maji yanayogonga huku na huku ndani ya chombo kisichojaa. Lori la Pia lilianguka likiwa na nusu tangi. Nusu ya kwanza alikuwa ameishusha zahanati, nusu ya pili alikuwa anaiwahisha kwa watu waliokuwa wamepanga ndoo zao tangu asubuhi. Tangu siku ile, Mwalimu akibeba ndoo ya nusu kutoka bombani, yale maji yakaanza kujipigapiga, shingo ilimsisimka na akageuka nyuma kama aliyeitwa. Mwishowe akawa anajaza mpaka pomoni, bora alowe.

Wifi yake, yule mjane, alikuwa na namna yake. Kila akipita pale konani kwa miguu alisema, "Hodi," kisha akanyamaza kidogo kama anayesubiri kukaribishwa. Halafu ndipo anapita.

Binti ndiye hakusema lolote. Naye ndiye pekee aliyekuwa ndani ya lori.

Alitoka na mfupa wa bega uliovunjika, ukaunga vizuri. Lakini tangu hapo gari hakupanda tena. Shule alikwenda kwa miguu, jua lichome, mvua inyeshe, akaizunguka kona ile kwa njia ya mashambani hata kama atafika na matope mpaka magotini. Na alikuwa na tabia nyingine, ambayo ilimchukua Mwalimu muda kuigundua: hakukaa mahali ambapo nyuma yake ni wazi. Akila, mgongo uko ukutani. Akisoma, mgongo uko ukutani. Akilala, amejibana ukutani kama mjusi.

Ajali ilitokea mwaka juzi. Mwaka jana Mwalimu aliikwepa ile sura ya kitabu cha fizikia kuhusu mwendo wa mzunguko. Alibadilishana vipindi na mwenzake, mzee mmoja mcheshi: yeye akamfundishia joto na mwanga, mzee akamfundishia mambo ya kuzunguka na nguvu ya uvutano. Mwaka huu mzee akastaafu, na binti wa Pia akaingia darasani kwa shangazi yake. Siku ya kwanza alitangulia wenzake wote na kuchukua dawati la nyuma kabisa, lile lililogusana na ukuta.

Mwalimu akajikaza. Alianzia mbali, kwenye mwezi.

"Mwezi unaanguka," aliwaambia.

Darasa likacheka. Kijana mmoja akachungulia dirishani, akajifanya kuinua mikono audake.

"Nasema kweli. Dunia inauvuta, nao unaanguka, kila sekunde. Ila una mwendo wake wa kwenda pembeni. Kwa hiyo unaanguka huku unakwenda, unaanguka huku unakwenda, na kila ukianguka unaikosa dunia. Ndiyo maana unazunguka. Dunia ikiacha kuuvuta leo, mwezi hautabaki pale ukizunguka. Utanyoosha moja kwa moja, mkauage."

Wakaandika. Binti wa nyuma hakuandika. Alikuwa anamtazama shangazi yake kwa macho ambayo Mwalimu alishindwa kuyatazama kwa muda mrefu.

Siku iliyofuata aliwatoa uwanjani. Alikuwa na ndoo, maji nusu, na kamba ngumu aliyoifunga kwenye mkono wa ndoo. Alikuwa amejiambia njia nzima kwamba ni ndoo tu, ni maji tu, na walimu wa fizikia wamefanya jambo hili tangu walimu wawepo.

"Nikiizungusha ndoo hii juu ya kichwa changu," akauliza, "maji yataenda wapi?"

"Kichwani kwako, Mwalimu!"

"Mngependa, eh?"

Akaanza taratibu, ndoo ikibembea mbele na nyuma. Maji yakagonga ukingo wa huku. Yakagonga ukingo wa kule. Shingo ikamsisimka, akauma meno na kuongeza nguvu. Ndoo ikapanda, ikapita juu ya kichwa chake mdomo ukiangalia chini, wala halikudondoka tone. Wanafunzi wakashangilia. Ikapita mara ya pili, na mara ya tatu, na ndipo sauti ikapasua uwanja:

"Shangazi, acha! Utamwangusha! Shangazi, utamwangusha!"

Mwalimu aliiachia kamba. Hakukusudia, mikono ilifunguka yenyewe. Ndoo ikaruka ikafuata njia yake, ikapasukia kwenye ukuta wa choo. Watoto wakatawanyika. Binti wa Pia alikuwa amechuchumaa kwenye vumbi, mikono ameipeleka nyuma, anakinga mgongo wake.

* * *

Mwalimu alimpeleka kwenye chumba cha vifaa, akafunga mlango. Kilikuwa chumba chembamba, rafu mpaka dari, mizani ya zamani, vioo vilivyochakaa. Binti alitafuta ukuta, akakosa, akaegemea rafu.

"Hapa si Mwalimu," akasema yule mwanamke. "Hapa ni shangazi yako. Nani nitamwangusha?"

Bomba la pembeni mwa chumba lilikuwa linadondoka, Mwalimu akanyoosha mkono akalikaza.

"Kuna mtu alinisukuma," binti akasema.

"Lini?"

"Siku ile. Tulipoingia kona, mtu akanisukuma hapa." Akajigusa begani, upande wa kushoto, kisha nyuma, kwenye mgongo. "Kwa nguvu, Shangazi. Mkanda wa kiti changu ulikuwa umekatika zamani. Nikateleza mpaka kwa baba. Nikamwangukia mkono. Halafu lori likaanza kulala. Mama anasema mwenyewe wa kona ndiye aliyemchukua baba. Lakini yeye hajui kwamba alinitumia mimi."

Mwalimu alihisi chumba kimekuwa kidogo. Kwa muda wote ule mtoto alikuwa amelala na jambo hili, amekula nalo, amekwenda nalo shule na kurudi nalo, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu kila mtu aliona huruma kumuuliza.

"Na kila siku namwona anaanguka," binti akaendelea. "Hafiki chini. Jana ulivyosema habari za mwezi, ndivyo namwona. Anaanguka tu, hafiki."

Angekuwa mtu mwingine, angemkumbatia kwanza. Mwalimu hakuwa mwepesi wa mambo hayo. Alichukua sinia la bati lililokuwa juu ya rafu, akaliweka mezani, akasimamisha juu yake kizibo cha chupa.

"Hili ni lori," akasema. "Huyu ni wewe. Litazame sinia, usikitazame kizibo."

Akalisukuma sinia mbele, moja kwa moja, kisha akalikata ghafla kuelekea kushoto. Kizibo kikateleza kulia mpaka ukingoni.

"Nani amekisukuma?"

"Hakuna."

"Rudia wewe mwenyewe."

Binti akarudia. Akarudia tena. Mara ya tatu aliinama, jicho likawa sawa na meza, akaona kile ambacho Mwalimu alitaka akione: kizibo hakikwenda popote. Kilikuwa kinaendelea na safari yake ya mwanzo, mbele, kama kilivyokuwa. Sinia ndilo lililogeuka na kukiacha.

"Mwili wako ulikuwa unakwenda mbele," Mwalimu akasema. "Lori likakata kushoto. Wewe hukuwa na mkanda wa kukushika ukate nalo, kwa hiyo ukaendelea mbele, na kiti kikakukimbia chini yako. Ukiwa ndani unasikia kama mkono. Kila mtu anausikia. Mimi pia nikipanda gari nausikia. Lakini ukimtafuta mwenye mkono humpati, kwa sababu hayupo."

Binti alikaa na kizibo kiganjani. Mwalimu akadhani ameutua mzigo. Kumbe alikuwa anaubadilisha bega.

"Kwa hiyo hakuna aliyenisukuma."

"Hakuna."

"Basi ni mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwangukia."

"Hapana. Sikiliza. Na maji je? Maji nayo yalikuwa hayana mkanda. Nusu tangi. Yote yalikimbilia upande uleule uliokimbilia wewe, kwa wakati uleule. Wewe ulikuwa kitoto cha mifupa mitupu. Yale maji yalikuwa mazito kuliko darasa lenu zima. Lori lilikuwa limeshaanza kulala kabla hujamgusa baba yako."

"Kwa nini maji hayakulilaza siku nyingine? Kona ile tulipita kila siku."

Hilo ndilo swali ambalo Mwalimu alikuwa anajiuliza tangu mwaka juzi, na ndilo lililomfanya akwepe ile sura. Jibu lake lilikuwa ubaoni, linajulikana, linaandikwa na watoto kwenye mitihani. Ukiongeza mwendo mara mbili, kona haidai nguvu mara mbili. Inadai mara nne.

"Siku ile alikuwa anakimbiza," akasema.

Binti akaitikia kwa kichwa, polepole. "Alikuwa anaimba," akasema. "Akiimba huwa anakimbiza."

* * *

Jioni hiyo kabla jua halijazama wifi alifika mlangoni kwa Mwalimu, khanga begani, wala hakubisha hodi.

"Umemwambia nini mwanangu?"

"Wifi, karibu ukae."

"Sikai! Amekuja nyumbani ananiambia hakuna mtu konani. Ananiambia baba yake alikuwa anakimbiza. Mtoto ananisomea hesabu za kifo cha mume wangu huku anamenya viazi!"

"Alikuwa anaamini yeye ndiye aliyemuua, wifi. Ulijua hilo?"

Mjane akashika fremu ya mlango. Lakini hasira ikishapanda haishuki kwa neno moja, na yake ilikuwa na miaka ndani yake.

"Basi umempa mtu mwingine wa kumlaumu. Kaka yako wa tumbo moja! Mimi nikipita pale nikisema hodi, najua nazungumza na nani. Kuna aliyemchukua. Nimchukie huyo, nimuombe, nimsalimie, ni shauri langu. Wewe umeniondolea yeye, umeniachia nini? Mume mzembe?"

"Sikusema mzembe."

"Hesabu zako zinasemaje?"

Hesabu za Mwalimu zilisema hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu aisome fizikia alitamani iwe imekosea. Wifi akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Kwa siku kadhaa walipokutana bombani kila mmoja alijifanya anachunguza ndoo yake.

Aliyewapatanisha ni binti, na wala hakukusudia kupatanisha mtu. Alisema anataka kwenda kuiona kona. Kwa gari. Na alitaka mama yake aende, na shangazi aende. Mama alikataa, akalia, akakataa tena, mwishowe akasema, "Haya, tukafe wote basi," na hiyo kwake ilikuwa ndiyo.

Walimwita dereva wa teksi mmoja aliyejulikana kwa jina la Taratibu. Wengine walisema aliitwa hivyo kwa heshima ya udereva wake, wengine walisema ni gari lenyewe lisiloweza jingine. Alifika asubuhi, jua limeshakuwa kali, akawafungulia milango kama maharusi. Mama na binti wakakaa nyuma, Mwalimu mbele.

"Nikate kona kwa mwendo gani, Mwalimu?" Taratibu akauliza kwa utani.

"Wa jina lako."

Binti alishika mkono wa mama yake kwa mikono miwili. Mwalimu aliwatazama kwenye kioo. Kona ikafunguka, mlima upande wa kushoto, kulia ukingo mtupu na korongo chini yake. Gari likaanza kukata, polepole kama toroli, na hata hivyo Mwalimu alisikia kitu kikimwegemea bega la kushoto, chepesi, kama mtu anayepita nyuma yako kanisani au kwenye foleni na kusema samahani. Alijua ni nini. Angeweza kukiandika ubaoni. Nywele za mikono zilimsimama vilevile.

Nyuma, binti alisema, "Huyo." Kisha akasema, "Siyo mtu." Kisha akaanza kulia, na mama yake naye.

Taratibu alisimamisha gari mbele kidogo, mahali penye nafasi, nao wakarudi kwa miguu. Mwalimu hakuwahi kusimama pale tangu siku ya ajali. Siku ile hakuona kitu, aliona blanketi tu. Sasa aliinamisha macho kwenye lami, akaona mkwaruzo.

Ulikuwa umefifia, lakini ulikuwepo: mstari mpana wa chuma, pale ubavu wa tangi ulipoburuzwa. Alisimama mahali ulipoanzia. Akaufuata kwa macho. Akarudi, akaufuata tena kwa miguu.

"Njoo," akamwambia binti. "Ulipomwangukia baba, mikono yake ilikuwa wapi?"

"Kwenye usukani."

"Yote?"

"Yote. Nilimwangukia huu wa kushoto. Ulikuwa mgumu kama chuma. Haukusogea."

"Alikuwa ameugeuzia wapi usukani?"

Binti alinyoosha mikono mbele, akafumba macho, akaizungusha. Aliizungusha kushoto, kwenye mlima.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka tulipolala. Hakuuachia."

Mwalimu akakaa palepale, kwenye lami. Wifi akamkimbilia, akidhani amezidiwa.

"Wifi, tazama mstari huu," Mwalimu akasema. "Unapinda. Unaona? Unaifuata barabara. Hauendi ukingoni."

"Naona. Halafu?"

"Lori likianza kulala, dereva yeyote anajua la kufanya. Unanyoosha usukani. Ukinyoosha, haliendelei kulala, linarudi kwenye magurudumu yake. Kaka alikuwa anajua hilo, aliwahi kunifundisha mimi. Angenyoosha, lori lingesimama vizuri kabisa." Akaonyesha mbele, mahali njia iliyonyooka ilipoelekea. "Lingesimama vizuri, likaenda huko."

Wote watatu wakatazama. Hapakuwa na kitu huko, ila hewa, na chini sana, vilele vya miti.

"Alikuwa anakimbiza," Mwalimu akasema. "Hilo siwezi kulifuta, wifi, nimejaribu. Lakini alipoona limeshindikana, alibakiwa na mambo mawili. Ama anyooshe waende wote korongoni, ama aendelee kukata lianguke hapa, barabarani. Na likianguka hapa linaangukia upande wa dereva." Hakuweza kumalizia.

Mjane alimalizia mwenyewe, kimyakimya; ilionekana usoni mwake jambo likipita hatua kwa hatua. Aliangalia mstari. Akamwangalia binti yake, amesimama pale mzima, mrefu kuliko mwaka juzi, mikono bado ameinyoosha mbele kama aliyeshika usukani. Akamwendea, akaishusha ile mikono, mmoja mmoja.

"Mpumbavu yule," akasema. "Kuimba kwake kule." Akaufunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya msiba hakikutoka. Magari mawili yalipunguza mwendo, watu wakachungulia, yakapita.

Walipokuwa wanarudi garini, wifi alisimama ghafla, akageuka kuitazama kona. Mwalimu akamngoja aseme hodi. Hakusema. Alisimama tu, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, na hilo lilimtisha Mwalimu kuliko ile hodi.

"Sasa nikipita hapa nitasema nini?" akauliza.

"Sijui, wifi."

"Na wewe kweli hujui."

"Sijui."

Binti alilala kabla hawajafika mjini, kichwa kifuani kwa mama yake, usingizi mzito wa mtu aliyedaiwa usingizi. Walipofika nyumbani Taratibu alizima injini na kugeuka awaambie wameshafika, Mwalimu akamzuia kwa kidole mdomoni. Wifi alitikisa kichwa: mkono umekufa ganzi, lakini asiamshwe.

Basi wakakaa. Uani kwa jirani mtu alikuwa anafua. Jua likahama kwenye kioo cha mbele, taratibu, likaingia upande wa pili. Dereva, mtu mwenye adabu, hakushuka wala hakuuliza. Alikuwa ameiacha mikono yake juu ya usukani wa gari lililozimwa, yote miwili, na Mwalimu hakuweza kuacha kuitazama. Alitaka kumwambia aitoe. Badala yake akabaki anaitazama mpaka mtoto alipoamka.